Vifungo vya Kijana wa Sayari ya Mbali

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Nimefukuzwa sebuleni. Sebuleni kwangu mwenyewe! Kochi nililolivisha kitambaa kipya kwa mikono yangu, leo sina haki ya kulikalia.

Kosa langu? Kusema ukweli. Ilikuwa sehemu ya tisa ya Wageni wa Dawati la Nyuma, tamthilia ya wale watoto watatu wa sayari ya mbali wanaosoma sekondari wakijifanya binadamu. Wakipenda mtu, masikio yao yanawaka kijani. Ndiyo maana yule kijana wao mkuu havui kofia, hata kwenye mtihani. Mimi niliuliza tu, inakuwaje mtu aliyevuka nyota elfu akwame kwenye hesabu za kugawanya. Kisha nikauliza kwa nini shule nzima ina mwalimu mmoja. Kisha nikauliza kwa nini wakilia wao lazima mvua inyeshe. Maswali matatu! Labda manane. Binti yangu, ana miaka kumi na minne, akasema hakusikia hata neno moja wakati kijana anamfungulia moyo msichana wa maktaba, na siku hiyo ameingojea tangu sehemu ya kwanza. Yalipoingia matangazo akaninyooshea kidole kuelekea chumba cha kushonea. Nikamgeukia mke wangu anitetee. Mke wangu akajisogeza, akachukua nafasi yangu.

Wamesahau kitu kimoja. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu imetazama ukuta, na ukutani kuna kioo kirefu cha wateja kujiangalia. Pazia la mlango liko kwenye kamba linakauka. Nikakaa kwenye kiti changu, mgongo sebuleni, macho kiooni. Televisheni nzima ile pale! Nikatazama nusu ya pili yote bila kukohoa.

Kumbe kufukuzwa kulikuwa heri. Kijana anatoka maabara, anapita mbele ya msichana wa maktaba, hamkumbuki. Wanasema amechomwa sindano ya kusahau. Uongo mtupu! Wao wanatazama machozi, mimi natazama shati. Nusu ya kwanza ya kipindi, vifungo vilikuwa kulia kwa mvaaji, kama shati lolote la kiume. Nusu ya pili, viko kushoto, kama blauzi. Mfuko wa kifuani umehama. Kovu la shavuni limehama. Na anaandika kwa mkono wa kushoto!

Huyu si yule. Wamembadilisha! Kuna pacha!

Si hivyo tu. Nusu ya pili ubao wa darasani una maandishi ya ajabu ambayo sijapata kuyaona. Lugha ya sayari yao, bila shaka. Na saa ya ukutani, mishale inarudi kinyumenyume. Mtunzi huyu ni jini. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimelala na uamuzi, nimeamka nao. Dunia lazima ijue.

Kila Jumamosi saa nane mchana redio ina kipindi kiitwacho Kiti cha Mtazamaji. Mtangazaji anasoma uhakiki mmoja tu, ule bora wa wiki. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtaa mzima unamwita Profesa kwa sababu ananyoa huku akifundisha, ameshasomwa mara mbili. Mara mbili! Na aliandika nini? Kwamba tamthilia "inagusa moyo". Hata mbuzi akitazama ataguswa moyo.

Redio nisingeijali. Kinachoniuma ni kwamba binti yangu anayarudia maneno ya Profesa mezani petu, tena kwa heshima. Alipokuwa mdogo tulitazama vipindi vyote pamoja, shuka moja, miguu yake juu ya miguu yangu, na kila kitu aliniuliza mimi. Sasa swali lake ni moja: Baba, umemaliza?

Kwa hiyo asubuhi, akiwa anafunga viatu, nikampa mkataba. Uhakiki wangu ukisomwa redioni, narudi kochini kwa sehemu ya mwisho Alhamisi ijayo, na ruhusa ya kusema. Akafikiri. Akasema sawa, ila mara tatu tu, na kukohoa kunahesabiwa. Tukapeana mikono. Alikuwa anacheka. Anajua haiwezekani. Mdharau mwiba mguu huota tende, mwanangu.

Nimeandika kurasa kumi na moja. Redio inapokea ukurasa mmoja. Nikakata mvua, nikakata mwalimu mmoja, nikakata aya nzima ya jinsi chombo chao cha angani kilivyotua kiwanjani bila kuangusha goli. Iliniuma kama kukata kitambaa cha harusi. Vikabaki vifungo, mfuko, kovu, mkono, ubao na saa, kwa herufi ndogo kama chungu wa sukari. Nikaanza kwa methali: mwenye macho haambiwi tazama. Mke wangu akauliza mashati thelathini na mawili ya shule, yanayotakiwa Jumatatu, yamefika wapi. Nikamwambia asinikatize, naandika historia.

Barua nimeipeleka kwa miguu hadi redioni. Mlinzi akaitupia kwenye kapu pamoja na nyingine. Nikasubiri ageuke, nikaitoa, nikaiweka juu.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

IMESOMWA!

Saa nane na dakika ishirini na mbili. Mtangazaji akasema leo hana haja ya kuchagua, kwa sababu katika miaka yote ya kipindi hiki hajapata kuona jicho kali kama la fundi huyu. Akaisoma yote. Akarudia ile ya saa kinyumenyume. Akasema yeye mwenyewe alitazama na hakuona lolote. Hakuona lolote! Mtu wa redio!

Binti yangu alikuwa anaosha vyombo. Akaja mbio na povu mikononi, akanikumbatia. Tangu atimize miaka kumi na mitatu hajanikumbatia isipokuwa siku ya mazishi ya babu yake. Akasema, Baba, kumbe una akili hivi? Shati langu likalowa povu mgongoni na sijalibadilisha hadi sasa.

Jioni nikavuka barabara kwenda kwa Profesa. Si kwa kujigamba. Kunyoa. Ingawa nilinyoa jana.

Saluni ilikuwa imejaa. Profesa akasema amesikia, na hongera, lakini yeye kama kinyozi alimtazama yule kijana kichwani wakati kofia ilipopeperuka, na njia ya nywele ilikuwa upande uleule mwanzo hadi mwisho. Pacha gani anachanwa vilevile? Nikamwambia kila mtu ashike fani yake, nywele zinaota popote, kifungo hakiwezi kuhama bila sindano. Watu wakapiga makofi. Profesa akapandwa na hasira taratibu, kama maji ya chai. Akasema Jumatatu saa kumi jioni kuna marudio ya sehemu ya tisa, na televisheni yake ni kubwa kuliko ya mtu yeyote mtaani. Waje wote. Kifungo kikiwa kimehama, atabandika bango mlangoni kwake: Mhakiki Bingwa Yuko Ng'ambo. Kisipohama, ananyoa sharubu zangu.

Sharubu hizi nina miaka ishirini nazo. Mke wangu hajapata kuniona bila sharubu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Siku njema. Watu watano wamenisimamisha njiani. Mmoja alitaka kujua suruali yake imefikia wapi, lakini wanne walikuwa wa vifungo.

Binti yangu ameshinda kwenye simu. Nilimsikia kupitia ukutani akiwaambia wenzake wa darasa kwamba aliyegundua ni baba yangu. "Baba yangu"! Mwenzake mmoja alibisha. Binti akamwambia kama huamini njoo Jumatatu uone, na kama ni uongo, mimi niiteni mwongo mpaka tumalize shule. Damu yangu hiyo.

Nimeanza barua ya pili. Inawezekana pacha ni wawili.

Nimeshona pia shati la ushahidi: upande mmoja vifungo vya kiume, upande mwingine vya kike, ili niweze kuwaeleza wasio na elimu. Mke wangu akaingia kutafuta uzi. Akanitazama mimi. Akatazama kioo. Akageuka akatazama televisheni sebuleni, akarudisha macho kwenye kioo. Akaanza kusema, hivi Alhamisi ulivyokuwa umekaa hapa... Nikainua mkono. Nikamwambia kwa heshima zote sipokei maoni mpaka Jumatatu. Akachukua uzi na mashati ishirini yaliyobaki, akaenda kuyatoboa matundu ya vifungo mwenyewe.

Mwanamke ana wivu wa kitaaluma. Namwelewa.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Sitaki kuandika. Lakini nilijiapia kuandika kila siku.

Saluni ilijaa hadi barabarani. Binti yangu alikuja na wenzake wanne, sare zao za shule bado mwilini, akawaketisha mstari wa mbele. Nikasimama kando ya televisheni na futi yangu ya kupimia shingoni na lile shati la ushahidi kwenye hanga. Nusu ya kwanza, nikaonyesha: vifungo kulia. Watu wakaitikia, kulia! Matangazo yakaja. Nikawaambia sasa fungueni macho.

Kijana akatoka maabara. Vifungo kulia.

Nikasema subirini, bado. Akapita mbele ya msichana. Mfuko kushoto, palepale pa siku zote. Kovu mahali pake. Akakaa, akashika kalamu kwa mkono wa kulia. Saa ya ukutani ikaenda mbele kama saa zote za dunia hii. Na ubaoni, kwa Kiswahili safi ambacho hata mtoto wa chekechea angesoma, paliandikwa: Mtihani ni Ijumaa.

Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha nikafanya kosa la pili. Nikasema kituo cha televisheni kimeogopa barua yangu, wamerudia kupiga picha upya siku mbili hizi. Saluni yote ikaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa amepakwa sabuni nusu ya kidevu alicheka mpaka sabuni ikamwingia mdomoni. Profesa hakucheka. Alikung'uta kitambaa tu, akanionyesha kiti.

Sharubu zilianguka vipande viwili. Mdomo wangu wa juu una baridi.

Binti yangu hakusubiri. Nilipofika nyumbani alikuwa kwenye chumba changu. Akanishika mabega, akanikalisha mbele ya cherehani, mgongo sebuleni kama Alhamisi, akaenda akawasha taarifa ya habari. Akaniambia nisome maneno yanayopita chini ya msomaji. Nikayatazama kiooni. Lugha ya sayari ya mbali.

Nikaelewa. Nilielewa mpaka kwenye visigino.

Mimi! Miaka ishirini na sita nawaambia wateja mbele ya kioo hikihiki, mkono wa kulia wa huyo wa kiooni ni wako wa kushoto, simama nikupime vizuri.

Nilifikiri atanicheka. Hakucheka. Akasema, Baba, mimi nililiambia darasa zima. Kisha akalia, na nje hapakuwa na mvua yoyote. Akasema wameshaanza kumwita Mwongo kwenye simu. Nikanyoosha mkono, akaondoka. Nimekaa hapa na kioo changu. Naona haya. Si ya sharubu.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nimeamka na mpango.

Nitaomba radhi redioni, nimsafishe mtoto. Nikaandika barua tangu asubuhi. Saa sita mchana nikampa mke wangu aisome. Akasoma kurasa zote nne. Akauliza, radhi yenyewe iko wapi? Nikamwonyesha. Ilikuwa ukurasa wa tatu, kwenye mabano. Akasema kurasa nyingine zote zinailaumu tamthilia kwa kutoeleweka kiooni. Nikamwambia ndiyo, kazi nzuri ya sanaa inapaswa kusimama kokote itakakotazamwa. Akairudisha, akaniuliza kama nimekula.

Binti amekwenda shule bila kuniaga. Amerudi bila kunisalimia. Shikamoo yake ilielekea kwenye kabati.

Redio ipo mbali, na Jumamosi ni mbali zaidi. Waliomwita Mwongo wako shuleni. Basi nitawafuata hukohuko shuleni. Lakini mtu hawezi kueleza jambo la kioo bila kioo.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Kioo kina urefu wa futi sita. Kukibeba si kitu, mwendo ndio kitu. Nilikifunga kwa shuka, nikakitia begani, nikaondoka mke wangu akiwa kwa jirani. Mara tatu nilipumzika. Mara ya pili nilikivua shuka, bibi mmoja akajifunga kilemba chake upya mbele ya kioo, akashukuru, akaenda zake.

Nikafika getini wakati wanatoka. Mlinzi akasema hawaruhusu wauza vioo. Nikamwambia mimi ni mzazi. Akasema mzazi gani anakuja na kabati? Tulipokuwa tunabishana wanafunzi walishajaa, wanajitazama, wanapanga kola. Nikaona ni hapahapa. Nikapanda juu ya jiwe.

Nikasema kwa sauti: mimi ndiye yule fundi. Nilitazama kipindi kiooni, kama hivi, nikaona kinyume, nikaandika upumbavu. Nikainua karatasi niliyoandika neno SHULE, nikaielekeza kiooni. Wakaona. Wakacheka. Nikasubiri wamalize. Nikasema, chekeni, ni haki yenu. Lakini binti yangu hakusema uongo. Alimwamini baba yake. Anayetaka kumwita mtu jina, aniite mimi, duka langu mnalijua, na mashati mliyovaa nusu yenu nimeyashona mimi.

Msichana mmoja, nadhani ni yule aliyebisha, akasema shikamoo fundi. Hapo ilipasa nishuke. Najua sasa kwamba hapo ndipo ilipasa nishuke. Lakini umati ulikuwa mzuri, na kuna jambo la goli na chombo cha angani ambalo sikupata nafasi ya kulieleza. Nililieleza. Nikaeleza pia habari ya mwalimu mmoja. Walipobaki wanafunzi wawili, na mmoja amelala, nikamwona binti yangu amesimama nyuma ya mlinzi na begi lake kifuani. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Akaja, akainama, akashika upande wa chini wa kioo. Mimi nikashika wa juu. Tukatembea hivyo hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na kila nilipofungua mdomo alikitikisa kioo kidogo nikaufunga.

Mlangoni akasema, kesho unaweza kukaa kochini. Nikauliza zile mara tatu je. Akasema hata moja, Baba. Nikamwambia nimekubali. Ningekubali hata kukaa chini ya kochi.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Sehemu ya mwisho. Nimejiandaa kama askari.

Mafundi tuna njia yetu ya kunyamaza. Nilichukua pini tisa nikazibana midomoni, kama ninapopinda gauni. Mtu mwenye pini tisa hawezi kuhakiki. Binti akaniona, akacheka kidogo, akanipa nafasi ya katikati. Mke wangu kulia. Shuka moja kwa wote watatu.

Dakika arobaini, kimya! Chombo cha angani kilitua kiwanjani na goli halikutikisika. Kimya. Walilia na mvua ikanyesha. Kimya, ingawa pini ya tano ilinichoma. Kijana akavua kofia, masikio yanawaka kijani mbele ya shule nzima. Mlango wa chombo ukafunguka. Aende kwao au abaki na msichana wa maktaba? Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Binti yangu akalaza kichwa begani kwangu. Nilihisi analia.

Kisha akasema polepole, Baba, unaonaje, atabaki?

Aliniuliza mimi! Nikatoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye kola. Naapa nilikusudia kusema neno moja tu: atabaki. Lakini nikaangalia ule mguu kwenye ngazi. Pindo la suruali! Kiwanjani lilikuwa limekunjwa mara moja, kwenye ngazi limekunjwa mara mbili! Na hapa hapakuwa na kioo chochote, nilitazama kwa macho yangu mawili! Nikasimama. Nikaenda mbele ya televisheni kuwaonyesha kwa kidole. Nikaeleza maana ya pindo moja, maana ya mapindo mawili, na ni nani hasa anayepanda chombo kile. Walikuwa wananipigia kelele za kushangilia. Nilipokaa kando, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye skrini.

Hazikuwa za kushangilia.

Hakuna mtu nyumbani humu anayejua kama kijana alibaki au aliondoka. Mke wangu ananitazama kama anayehesabu hadi kumi. Binti alinirushia mto wa kwanza, wa pili, akatafuta wa tatu, kisha akakaa chini akaziba uso kwa shuka na mabega yakawa yanatikisika. Nilikaribia kwa hofu. Alikuwa anacheka au analia, sikuweza kujua, na kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Sasa amekwenda kwa Profesa kuulizia mwisho ulikuwaje. Aende tu. Pale penye jambo, hakumuuliza Profesa, aliniuliza mimi.

Nimechukua karatasi. Jumamosi iko karibu na kapu la redio halijajaa. Kweli sikuuona mwisho, lakini mhakiki aliyekomaa hatishwi na jambo dogo kama hilo. Nimeshaandika kichwa cha habari: Kwa Nini Mwisho Ule Haukuniridhisha. Niko ukurasa wa sita.